Kilemba cha Mzee Kilua

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya mama zetu tu, redio zikiwa za betri na chai ikinywewa kwenye vikombe vya bati, palikuwa na ghala la mkonge pale Muheza, nyuma ya reli. Mkonge wenyewe ulikuwa umekwisha kuondoka, lakini harufu yake ilibaki ukutani. Katika ghala hilo walikutana watu wa Liwazo.

Liwazo kilikuwa chama kidogo. Hakikuwa na gari, hakikuwa na ofisi, hakikuwa hata na bango mlangoni. Kilikuwa na ngoma, kilikuwa na matari, kilikuwa na mikeka iliyoanza kusukwa na haijaisha, na birika moja kubwa jeusi la chai. Waliokuja pale ni wale ambao hospitali imewatibu ikamaliza kazi yake, lakini nyumbani bado hawajawa wazima. Aliyetoka wodi ya kifua na pumzi fupi, aliimbishwa. Aliyekakamaa vidole, alipewa ukili asuke. Aliyefiwa akashindwa kula, aliwekwa katikati ya wanaocheza. Hakulazimishwa kucheza, akae tu, apigwe na upepo wa nguo zao.

Hakuna aliyeulizwa, unaumwa nini. Uliulizwa, wewe kwenu mlikuwa mnaimba nini?

Dawa za hospitali watu walimeza, sala walisali, na Jumatatu alasiri wakaenda ghalani. Mungu huponya kwa njia anazotaka mwenyewe, na njia mojawapo pale kwetu ilikuwa na matari.

Aliyekianzisha chama hicho ni mwalimu wa kaswida, Bi Mwanamkuu, mjane, mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba. Yeye alikuwa na namna yake ya kuimba na mgonjwa. Anaanzisha ubeti, wote wanaitikia, wakifika neno la mwisho wananyamaza. Wanamwachia mgonjwa. Akilisema, vizuri. Asiposema, wanarudia ubeti, wanamwachia tena. Hakuna kumsaidia, hakuna kumhurumia kwa macho. Kule ghalani waliita hivyo, kumwachia mtu neno.

Sasa basi. Pale Muheza alikuwapo mnadi wa nguo, Mzee Kilua. Siku ya mnada sauti yake ilifika stesheni. Alisimama juu ya kreti, kitenge mkononi, akaimba:

"Hii hapa, hii hapa, mwenye macho aje. Hii hapa, hii hapa, imebaki moja."

Zilikuwa zimebaki ishirini chini ya kreti, na kila mtu alijua, na bado walinunua. Watoto waliigiza mahadhi yale wakienda kuteka maji.

Mzee Kilua alikuwa na mabinti wanne. Watatu aliwaoza kwa ulimi wake mwenyewe, kama dini inavyomtaka baba: anashika mkono wa mkwe, anatamka, nimekuozesha binti yangu fulani. Akabaki kitinda mimba, Mwasiti. Huyo akachumbiwa na kijana Hoza, fundi baiskeli, na posa ikapokelewa. Ndipo kiharusi kikampiga Mzee Kilua. Kikachukua mkono wa kulia, kikachukua mguu wa kulia, kikachukua na maneno. Hospitali walimrudishia mguu, akatembea na fimbo. Mkono ukabaki umelegea. Maneno hayakurudi hata moja. Alisikia kila kitu, alielewa kila kitu, akifungua kinywa inatoka pumzi.

Wazee wa kwa Hoza wakaja, wakakaa, wakamwambia mkewe kwa adabu, "Shemeji, tumewasikitikia. Lakini mdogo wake Mzee yupo. Baba mdogo anaweza kuoza kwa niaba yake, sheria inaruhusu."

Mzee Kilua aliposikia hivyo aligeuza uso ukutani, mabega yakatikisika. Mwasiti, aliyekuwa akimlisha na kumfulia muda wote ule, akatoka na trei ya chai, akaitua chini.

"Wazee wangu, shikamooni. Nisameheni kama nakosa adabu. Dada zangu wameozwa na baba. Na mimi nitaozwa na baba. Asipoweza, nipo hapa hapa, nampikia uji."

Shangazi yake Hoza akacheka puani. "Mwanangu, tukingoja ulimi urudi, bwana harusi ataota mvi."

Wakaelewana hivi: wangoje mpaka mwezi uandame kumaliza mfungo. Ukiandama na baba hajatamka, baba mdogo ataoza, au posa irudi.

Mama Mwasiti akampeleka mumewe Liwazo.

Bi Mwanamkuu akaimba kaswida, akamwachia neno. Mzee Kilua akanyamaza. Akaimba nyimbo za harusi, akamwachia neno. Mzee Kilua akanyamaza. Jumatatu ikaja, Jumatatu ikapita. Siku mvua ilipowazuia wengine wote, Bi Mwanamkuu alimfuata nyumbani kwake na kanga imelowa, akakaa kwenye kizingiti, akaimba wimbo wa kubembeleza mtoto, ule ambao kila mama wa pale aliujua. Akafika mwisho, akamwachia neno.

Mzee Kilua akasema, "Lala."

Mama Mwasiti alikuwa anapepeta mchele, ungo ukamponyoka.

Kuanzia hapo akawa anaimba. Kaswida nzima, nyimbo za harusi, zote, maneno yote. Lakini ukimwambia, Mzee, unataka maji? Pumzi tupu. Maneno ya nyimbo yalimjia. Ya kwake mwenyewe, ya kuomba maji, ya kuoza binti, hayakumjia. Na mfungo ukawa unakaribia.

Hapo akaja Bwana Chambo. Chambo naye alikuwa mnadi wa nguo, na tangu Mzee Kilua augue, kreti lake alipanda yeye. Walikuwa hawasalimiani. Mkosano wao wenyewe watu walikwisha kuusahau, ila wao waliukumbuka vizuri. Jumatatu moja Chambo akatokea mlangoni pa ghala na mafurushi yake begani, akasimama, akamtazama Mzee Kilua anayeimba kaswida katikati ya akina mama. Akatua mzigo. Akachomoa shuka, akalipunga, akaimba kwa mahadhi ya Mzee Kilua mwenyewe:

"Hii hapa, hii hapa, mwenye macho aje. Hii hapa, hii hapa..."

Akanyamaza, ametabasamu.

Mzee Kilua alisimama bila fimbo. Shingo ikamvimba. Akaimba kwa mahadhi yale yale, "Hiyo hapo, hiyo hapo, ina matundu matatu. Chambo wewe, Chambo wewe, umeiba kreti langu."

Matari yakashushwa. Maneno yale hayakuwamo katika wimbo wowote. Yalikuwa yake.

Bwana Chambo akalitazama shuka lake. Lilikuwa na matundu kweli. Akaketi juu ya mafurushi, akasema taratibu, "Mzee, sema tena."

"Mwizi wewe, mwizi wewe, na ndala zako mbovu."

Mungu atusamehe, tulicheka mpaka aliyekuwa na kifua kibaya akashikwa na kikohozi. Na tangu siku hiyo Chambo akawa anakuja. Kila Jumatatu aliacha biashara, akakaa mbele ya Mzee Kilua, wakatukanana kwa mahadhi ya mnada, mmoja anaimba, mwingine anajibu. Mzee akaomba maji kwa mahadhi ya mnada. Akamsalimia mkewe kwa mahadhi ya mnada. Kila kilichomo moyoni kikapata njia ya kutokea, na njia ilikuwa hiyo moja.

Basi wakamfundisha maneno ya kuoza kwa njia hiyo hiyo. Furaha iliwafumba macho, hawakusikia walichokuwa wakikifanya. Mpaka siku Mwasiti alipoleta uji ghalani, akasimama kando asikilize. Baba yake akainua kidevu, akaimba:

"Nimekuozesha, nimekuozesha, binti yangu Mwasiti. Mwenye macho aje, imebaki moja."

Mwasiti akaweka bakuli chini. Akajifunika kanga usoni, na mabega yalivyotikisika hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Nadhani yote mawili.

Shehe Mdoe, imamu, alipopelekewa habari akakuna kidevu. "Kutamka kwa mahadhi, hilo nitalivumilia. Lakini ule mkia, hapana. Bwana harusi atajibu nini? Nimekubali, nifungie?"

Wakamjaribisha akate ule mkia, hakuweza. Wimbo ukianza ulikimbia mpaka mwisho wake, kama maji ya mfereji. Na kwa kina Hoza habari zilikwisha kufika. Shangazi akawa anasema kisimani, "Watatunadia mke mbele za watu, tutaficha wapi uso?"

Hapo ndipo aliposogea Danieli Mbelwa. Huyu alikuwa mpiga ngoma wa Liwazo, Mkristo, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Miaka yote alikaa nyuma na ngoma yake, watu wakamsahau kama unavyosahau mlango. Akasema, "Bi Mkuu, mniachie mimi. Huyu mahadhi yamemshika shati. Tumvue pole pole, asishtuke."

Akapiga ngoma kwa mwendo wa mnada, Mzee akaimba. Kesho yake akapiga polepole zaidi, Mzee akaimba polepole zaidi. Akaacha ngoma, akapiga kwa kiganja juu ya gogo, na sauti ya Mzee ikashuka. Akaacha gogo, akamshika Mzee mkono wake mzima, ule wa kushoto, akamfundisha kujigonga mwenyewe gotini. Ko. Ko ko. Ko. Neno moja kwa kila pigo, na pigo la mwisho ni kufumba mdomo. Mfungo mzima, baada ya futari, Mbelwa Mkristo alitoka kwake akaenda kukaa barazani kwa Muislamu, wakagonga magoti. Mahadhi yakapungua, yakapungua, yakaisha. Mkia ukakatika. Mzee Kilua akawa anazungumza kama watu, taratibu, goti likimwongoza.

Mwezi ukaandama.

Siku ya harusi wanaume walijaa barazani kwenye mikeka, wanawake ndani nyuma ya pazia, na uani masufuria ya pilau yalikuwa juu ya mafiga. Nyama alichinja Shehe Mdoe, moto alisimamia Mbelwa, kwa kuwa hakuna aliyejua wali wa watu wengi kama yeye, na enzi zile hakuna aliyeona ajabu.

Hoza akakaa mbele ya Mzee Kilua, goti kwa goti. Shehe akasoma hotuba. Kisha akasema, "Mpeane mikono."

Mkono wa kuozea ni wa kulia. Na wa kulia wa Mzee Kilua ulikuwa umelegea, haunyanyuki peke yake. Ikabidi aunyanyue kwa wa kushoto, aushikilie ndani ya mkono wa Hoza usidondoke. Shehe akaifunika mikono yote kwa kitambaa.

Siku zote zile walizojizoeza, hakuna hata mmoja aliyewaza jambo hili. Mkono wa kugonga goti ulikuwa umefungwa na kazi.

"Tamka, Mzee," akasema Shehe.

"Nime..." akasema Mzee Kilua. Akakwama.

"Nime..." Jasho likamtoka. Kidevu kikaanza kuinuka, kile kidevu cha mnada, na kila mtu wa Liwazo aliyekuwapo aliona midomo yake inatafuta "hii hapa". Nyuma ya pazia shangazi akasonya. Mjomba wa Hoza akamwinamia Shehe, "Tusimtese mtu mzima. Mdogo wake yuko hapa." Baba mdogo akaanza kuinuka, amevaa kanzu mpya, hana raha. Ndani, Mwasiti alikuwa amemshika mama yake mkono mpaka hina ikamwachia alama.

Ndipo ikasikika kutoka uani. Ko. Ko ko. Ko. Upawa kwenye ukingo wa sufuria.

Mzee Kilua akafumba macho.

"Nimekuozesha. Binti yangu. Mwasiti. Kwa mahari. Mliyokubaliana."

Akafumba mdomo. Barazani kila mtu akangoja ule mkia. Haukuja.

"Nimekubali," akasema Hoza, upesi upesi, kama mtu anayeogopa duka litafungwa. Watu wakacheka, vigelegele vikapanda mpaka kuku wakaruka ukuta. Mama Mwasiti alikaa chini sakafuni akasema Alhamdulillahi.

Sasa, katika ndoa zetu za wakati ule, baba wa binti alipewa kilemba na upande wa mume. Kitambaa chenyewe, kilemba cha kweli, cheupe, chenye ukingo wa hariri. Na fundi aliyemfundisha mtu kazi mpaka akaijua, naye desturi yake ni kupewa kilemba. Mzee Kilua alipopokea chake, akakitupia begani, akainuka kwa fimbo.

Akasema polepole, fimbo ikigonga chini badala ya goti, "Hiki si changu. Ni cha aliyenipa ulimi."

Chambo hakungoja. "Basi nipe, Mzee. Bi Mwanamkuu alikuimbisha nyimbo za watu, kasuku naye anaimba. Mimi ndiye niliyekutoa neno lako mwenyewe. Hukuwa na hata moja mpaka nilipokuja na shuka langu."

Bi Mwanamkuu akatoka nyuma ya pazia, akajitanda kanga vizuri. "Shuka lenye matundu, usisahau. Mwanangu Chambo, wewe umekuta mlango uko wazi. Aliyeufungua ni nani? Kinywa kile kilikuwa kaburi. Mimi nilikaa kizingitini kwa huyu mzee na mvua inaninyeshea, nikamwachia neno, akalisema."

Watu wakamgeukia Mbelwa, aliyekuwa ametoka uani na upawa wake. Akajikuna. "Mimi sipendi kudai. Ila mkiuliza nani alimfundisha kusema kama watu wanavyosema, ni mimi. Mngemwacha na yale yenu, leo mngesikia imebaki moja mbele ya Shehe. Na alipokwama, aliyemkwamua ni huu upawa."

Baraza likagawanyika. Akina mama upande huu, wafanyabiashara upande ule, na Shehe Mdoe akajishughulisha na tasbihi yake.

Bi Mwanamkuu akakitazama kile kilemba. Akasema, "Nisije nikapokea nguo nyeupe na uongo juu yake. Mwenyezi Mungu anajua. Yule aliyewapelekea kina Hoza wazo la baba mdogo kuoza, ni mimi. Hata kabla Mzee hajaletwa ghalani. Nilimwona njiani, nikasema moyoni, huyu hasemi tena. Na kila Jumatatu nilipokuwa nikimwimbia, nilikuwa naimba bila kutumaini. Hata ile siku ya mvua nilikwenda kumuaga."

Chambo akavua kofia.

"Bi Mkuu, kwa kuwa umesema, nami nitasema. Sikuja ghalani kumponya mtu. Nilisikia anaimba na akina mama, nikaja kumcheka. Nilitaka aone nguo zangu na sauti yake mwenyewe kinywani mwangu, imuume. Na ilimuuma. Kuja kwangu baada ya hapo kulikuwa kwa kumtaka radhi, ila nilishindwa kuitamka, nikawa namtukana."

Mzee Kilua akamtazama Chambo, na uso wake ukafanya kitu ambacho siwezi kukieleza.

Mbelwa naye alikuwa anageuzageuza upawa. "Eh, ndugu zangu," akasema, "nami nisiende kanisani na hili. Kule uani sikusikia kitu. Moshi ulikuwa machoni, watu wanapiga kelele za kuni. Sikujua kama Mzee amekwama. Nilikuwa nakung'uta wali ulioshika kwenye upawa. Mkono umezoea mwendo ule, ukapiga wenyewe."

Shangazi yake Hoza, yule yule, akasema kutoka nyuma ya pazia, "Kwa hiyo mkwe wetu ameozwa na ukoko." Na wote, hata Shehe, wakacheka kicheko cha watu waliokuwa karibu kulia.

Mzee Kilua hakucheka. Aliiachia fimbo, akakishika kilemba, akakinyoosha mbele kama alivyokuwa akinyoosha vitenge juu ya kreti. Kwa Bi Mwanamkuu. Bi Mwanamkuu akatikisa kichwa. Kwa Chambo. Chambo akarudi nyuma hatua. Kwa Mbelwa. Mbelwa akaficha mikono nyuma na upawa wake. Mtu aliyeuza nguo maisha yake yote kwa watu wanaosukumana, siku hiyo alikuwa na nguo moja nzuri na hakupata wa kuipokea.

Ghala lile sasa wanauza mabati. Bi Mwanamkuu amelala, Mbelwa amelala, Mungu awarehemu wote kwa dini zao. Lakini sisi tuliokuwa barazani siku ile tukikutana, bado tunabishana, na hatujawahi kumaliza chai bila kukasirikiana.

Mmoja alimpa sauti, naye hakutumaini kitu. Mmoja alimpa maneno, naye alikuja kumuumiza. Mmoja alimtuliza ulimi usiku baada ya usiku, na saa ya haja akamwokoa bila kujua. Mzee yuko wima mbele yenu, mkono umechoka, binti yake anachungulia kwenye pazia, na kilemba ni kimoja, hakikatwi.

Haya, nyie mliokaa hapo. Je, nani alistahili kufungwa kilemba kile?